Mgongo Unaoanguka

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vijana, Kadhi wetu mtukufu, ndugu zetu mliovuka maji kutoka Mutsamudu, nanyi wenyeji wa Moroni mliojaa hadi madirishani: asalaam alaykum! Mimi Mwalimu Soulé leo moyo unanidunda kama wa bwana harusi.

Filamu yetu ya kwanza iko tayari! Tulitaka mapigano ya bunduki. Lakini wageni wetu wazungu wenye sare nyeusi, wanaomlinda Rais tangu mwaka sabini na nane, hawapendi kuona bunduki mkononi mwa mtu mwingine, hata ikiwa ya mbao. Basi tukageukia mrenge, mchezo wetu wenyewe wa ngumi. Nani angetuzuia?

Loo, kazi! Kamera tuliisogeza usoni mwa Combo, bingwa wa kijiji cha Patsy, hadi jasho lake likarukia kioo. Kisha mpinzani wake Ousseni akairushia ngumi kamera, si Combo. Binti yetu Roukaya, kwa wembe na utepe wa gundi, akaukata mkanda wa filamu kabla ngumi haijafika, akaunganisha miguu, vumbi, mikono ya mpiga ngoma, vipande vifupi vifupi. Hamtaiona ngumi ikitua hata mara moja, lakini mtashika taya zenu! Roukaya, simama wakuone. Acha kujificha nyuma ya vazi la shiromani la shangazi yako!

Sasa, hadithi inataka Combo aanguke. Aanguke? Kwao, ambako aliyeangushwa kwenye mrenge hutaniwa hata siku ya harusi yake? Alikataa katakata. Tukampiga picha amesimama, akarudi nyumbani, nasi tukamalizia wenyewe.

Juma lililopita mtu alichungulia onyesho letu la majaribio Mutsamudu, akakimbiza habari Patsy: Combo kaangushwa! Tangu hapo kijana hasemi nami, anadhani nimemsaliti. Yuko pale mlangoni na mama yake, Bi Zaitoun, na hawataki kuingia.

Bi Zaitoun, dada yangu, nisikilize. Utaona mgongo unaanguka, umevaa fulana ya mwanao. Tazama kiunoni: fulana imebana, nyama zinamwagika. Mwanao yuko hivyo? Mgongo huo ni wangu! Miaka hamsini na mitatu, na nimeanguka mara saba kwa sababu Roukaya haridhiki, mpaka leo nasali nimekaa kitini. Nimeanguka mimi. Combo hajaangushwa na mtu, na ukumbi mzima huu ni shahidi.

Ingieni, mama na mwana, viti vya mbele ni vyenu. Nanyi nyote mlionivumilia na kunisikiliza, ahsanteni sana. Haya, zimeni taa!