Bi Zuwena na Jiko la Masaki

Bi Zuwena Mwinyijuma anastaafu tarehe 30 Juni, 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi ya lishe, kwanza Maili Moja, Kibaha, kisha huku Masaki, Kisarawe, kwenye kituo chetu cha afya. Mimi ni muuguzi niliyefanya naye kazi muda mrefu, na nimeombwa niandike maneno ya furaha. Nitajaribu.

Maili Moja bado wanasimulia habari ya Wilfred, muuza vipuri. Daktari alimwambia apunguze nyama, yeye akaiacha kabisa. Mchana akawa anakula chipsi, jioni chapati na chai. Akanenepa, na bado akawa anachoka kwa kazi ndogo tu. Bi Zuwena alimkuta na sahani yake dukani.

"Nyama umeiacha, lakini mahali pake hujaweka kitu," alimwambia. "Huu ni wanga juu ya wanga, na mafuta ya kukaangia."

Akampangia maharage au choroko kila siku, ugali wa kiasi, mchicha, na karanga kiganja kimoja. Wilfred hadi leo humtumia salamu, ingawa anadai maharage yamempunguzia marafiki.

Masaki hakuwa na haja ya kumwambia mtu aache nyama, maana yenyewe haionekani. Watu hula muhogo na huvuna korosho wasizozila. Bi Zuwena aliamini kwamba chakula cha shambani kinamkuza mtoto vizuri, mradi kisiwe muhogo peke yake. Akaomba banda lililo nyuma ya kituo, akaweka mafiga, na siku za kliniki akawa anapika na akina mama: uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa kunde na korosho zilizosagwa, mbaazi za nazi, kisamvu. Baadhi ya wanaume walinung'unika kwamba korosho ni za mnada.

"Uza, lakini mbakishie mwanao kibaba," aliwajibu, na wengi walibakisha. Watoto wa kuvimba miguu walipungua mpaka tukaanza kujisahau.

Kisha ukaja mradi. Ulileta pakiti za chakula dawa, ule uji mzito wa karanga wa kutibu utapiamlo, na kwa mtoto mgonjwa zilifaa, hakuna anayebisha. Lakini banda likageuzwa stoo ya pakiti, na Bi Zuwena akapewa kazi ya kuzigawa. Akina mama wakaacha kusaga kunde. Mradi ulipoisha, pakiti nazo zikaisha. Banda likabaki na kufuli, na kila alipoomba lifunguliwe alijibiwa asubiri.

Hajira, mkulima wa hapa hapa Masaki, alikuwa akimpa binti yake Mboni pakiti hizo. Zilipokwisha akangoja nyingine, huku akimkorogea uji wa muhogo mtupu. Alipomrudisha kwetu, mtoto alikuwa amevimba uso na nywele zimepauka. Tulimpeleka hospitali. Hakurudi.

Mazikoni nilikwenda na Bi Zuwena. Hajira alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, Bi Zuwena." Kisha akasema, "Kunde ninazo. Korosho ninazo. Mkaniletea pakiti, nikajua hiki ndicho chakula, vyangu si kitu."

Bi Zuwena hakujitetea. Angeweza kusema kwamba si yeye aliyelifunga jiko, nasi tungemuunga mkono. Aliketi naye mkekani mpaka watu wakatawanyika.

Baada ya msiba hakusubiri tena. Kila Jumamosi alikuwa akitoka kwake Mkuza, kule Kibaha, na sufuria yake, akapika uani kwa Hajira, na majirani wakaja na watoto wao. Siku hizi Hajira mwenyewe ndiye anayewafundisha. Kituo hakikuwahi kumkataza Bi Zuwena, wala kumshukuru.

Wa kuchukua nafasi yake hajapatikana, na sidhani kama anatafutwa. Tulipomuuliza angependa zawadi gani, alisema, "Fungueni jiko." Kamati ya sherehe ikakaa, ikashauriana vizuri, ikamnunulia friji.

Ahsante, Bi Zuwena. Wapo watoto Masaki wanaokwenda shule kwa miguu yao kwa sababu yako. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha huko Mkuza, na akujalie majirani wanaokusikiliza kuliko sisi.

Faudhia, muuguzi