Mama Vipimo na Gobi wa Sebuleni

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya kupima maji, Mama Vipimo anastaafu tarehe 30 Juni. Aliingia akiwa mwosha chupa, anatoka akiwa mkuu wa maabara. Katikati hapo amekataa kusaini majibu ya watu wengi, wakiwemo mameneja wawili, kwa kosa lile lile la kukadiria kwa macho.

Sebuleni kwake kuna tangi la kioo la maji ya chumvi. Humo anafuga gobi, samaki mdogo wa manjano anayeishi shimo moja na kamba wa baharini. Kamba haoni vizuri, kwa hiyo yeye huchimba, gobi hulinda mlango. Mama Vipimo hudai hao ndio wafanyakazi pekee ambao hajawahi kuwakemea.

Mwaka juzi mumewe alipelekwa mji wa mbali kufanyiwa upasuaji, naye akaenda kumuuguza. Tangi alimwachia mwandishi wa wasifu huu. Kila maji yalipopungua, mwandishi aliongeza maji ya chumvi, maana samaki si ni wa chumvi? Mtu mzima mwenye cheti cha kupima maji alisahau kwamba maji hukauka, chumvi hubaki. Siku ya tisa alimkuta kamba amekufa, na gobi amelala mchangani akihema.

Ilikuwa rahisi kununua kamba mwingine na kufunga mdomo. Mwandishi akapiga moyo konde, akapiga simu. Mama Vipimo alikuwa amekaa nje ya chumba cha upasuaji. Aliuliza neno moja tu: “Umepima?”

Kisha, bila kupandisha sauti, akaelekeza: toa jagi moja, rudisha jagi la maji yasiyo na chumvi wala klorini, subiri, pima, rudia. Ilichukua siku mbili. Gobi akapona, na mzee naye akapona.

Mama Vipimo aliporudi alikaa mbele ya tangi. Gobi alikuwa bado analinda shimo tupu. Iliuma, na hadi leo inauma.

Mwezi uliopita meneja alimuuliza nani arithi kiti chake. Wengi tulidhani atamtaja mwenye vyeti vingi. Alimtaja mwandishi. Meneja, aliyekijua kisa cha tangi kama sisi sote, alitaka sababu. Akajibiwa kwamba kukosea hukosea kila mtu, “lakini huyu alinipigia simu.”

Asante, Mama. Tunakuombea afya na siku za raha, wewe na mzee wako. Nami nikikosea, nitasema.