Risala ya Washonaji kwa Daktari Haskett, na Viatu Alivyoturudishia

Mgeni rasmi, Daktari Lorne Haskett, mimi Ulaayuk nimepewa risala hii kwa sababu hapa Sanirvik hakuna anayenishinda kusoma. Jambo hilo ni kweli tangu asubuhi, mwalimu alipopatwa na mafua.

KARIBU
Tumekupikia supu ya sili, mnyama wetu wa baharini. Safari hii uimeze. Ile ya kwanza uliwamwagia mbwa ukidhani hatukuoni.

HISTORIA
Ulikuja miaka thelathini na moja iliyopita, kijana msomi wa mawe. Siku ya pili ukaingia mbio jikoni kwa Meeka, huna kofia, unasema umefukuzwa na dubu. Wanaume wakaenda na bunduki, wakakuta jiwe. Mwaka uliofuata ukaacha mawe, ukahamia utafiti wa barafu. Hatukushangaa.

MAFANIKIO
Umeandika kitabu juu ya mto wetu wa barafu. Ni kinene, na mlango wa kanisa haupigwi tena na upepo.

CHANGAMOTO
Kitabuni hamna Jaypootie, aliyekutangulia siku zote saba za safari yako ya barafuni akichoma theluji kwa fimbo, hatua kwa hatua, usitumbukie kwenye nyufa. Leo amebakiwa na jicho moja. Jana kwenye chai Meeka alikuuliza, "Na Jaypootie je, mwanangu?" Ukamjibu, "Yule alichunga mbwa wanaovuta sleji tu, mama. Mimi ndiye niliyetembea, siku saba, kwa viatu mlivyonishonea."

MAOMBI
Kitabu kinachapwa upya, na kibali chako cha kurudi barafuni kiko kwa mwenyekiti, hakijatiwa sahihi. Jina la Jaypootie liingie, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, alisome kabla jicho la pili halijafunga.

Kuhusu viatu ulivyoleta tuvitundike ukumbini: tumevigeuza. Sisi hukunja soli kwa meno, mgeni rasmi, na barafu ngumu huzila kwa siku chache. Vya Jaypootie vilirudi havina soli. Vyako vina alama za meno yangu zote, na pengo langu lipo.

Mungu akubariki, akujalie siku moja ushuke kwenye sleji, maana viatu bado vipya.

Ni sisi,
Akina Mama Washonaji wa Sanirvik