Yonasani Nzanzu na Mke Mwenza wa Chuma

Marehemu Yonasani Nzanzu alizaliwa mwaka 1921 huko Kyondo, katika shamba la kahawa la baba yake. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu alimpenda, lakini kila likizo kijana alishuka ziwani, na mwaka 1946 akahamia Hamukungu, akawa mvuvi.

Mwaka 1948 alifunga ndoa kanisani na Bulandina, binti wa Bwera. Bulandina alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Kwa miaka mingi mume hakumpa sababu. Ndipo mwaka 1963 mashua ya chuma ya serikali ikazama karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ikaachwa hapohapo, imefunikwa na maji kidogo tu. Ilichana nyavu za watu. Mwaka 1965 ilipasua mtumbwi wa Yafesi, rafiki wa marehemu, naye Yafesi akafa maji.

Yonasani akaishika njia ya Kasese. Ofisi ya kwanza ilisema mashua ni ya ofisi ya pili. Ya pili ikasema ilikuwa yao ilipokuwa inaelea. "Sasa ikizama inakuwa ya nani?" aliuliza. Alipokusanya wenzake waivute kwa kamba, askari alimfokea: "Wewe mzee, wacha! Hiyo iko mali ya serikali!" Yafesi tu ndiye hakuwa mali ya serikali.

Basi akasimamisha mti juu ya chuma kile uwe alama kwa wavuvi, na kila jioni, kabla mitumbwi haijatoka, alikwenda kuukaza. Nyumbani chakula kilipoa. Bulandina akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu, "Ameenda kwa mke mudogo." Wanawake walicheka. Yeye hakucheka, maana wivu ulimchoma kweli.

Siku moja marehemu alirudi kutoka soko la Bwera na kitenge chekundu, alichonunua kwa Geneviève, mfanyabiashara Mkongo. Bulandina alipiga vigelegele. Kisha akamwona mume anakichana katikati: nusu ya mkewe, nusu bendera ya kufunga juu ya mti.

"Mimi nilizaa watoto sita, napata nusu! Ile chuma ilizaa nini?"

Hata hivyo alijifunga nusu yake kila Jumapili, ili aonekane. Tangu bendera ile ipande, hakuzama mtu.

Februari 1970 Yonasani alishikwa na kifua. Alikohoa, na bado akaenda ziwani. Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi, akiuliza kama bendera imesimama. Bulandina alikuwa amemshika mkono. "Hata leo unauliza yeye?" alisema, akalia.

Ameacha mjane, watoto sita, wajukuu wanne, ndugu yake Yosamu anayesoma haya, na mashua isiyo na mwenyewe. Bendera imechakaa. Jana Bulandina alifungua kitenge chake kiunoni, akampa Yosamu.

"Peleka. Nimechoka kugawana bwana. Lakini ambia serikali ikuje ichukue mwanamke yake."

Bwana ampumzishe Yonasani kwa amani. Serikali isipumzike kwanza.