Saa Moja ya Kusoma

"Dada, mkaguzi anakuja leo, na saa yangu ya kusoma haitoshi," mwalimu wa darasa la kwanza alimwambia nesi aliyekutana naye humo humo ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu. "Kuna silabi, imla, kusoma wawili wawili. Nikiweka na hadithi, muda unapitiliza."

"Punguza imla, mdogo wangu." "Wataandika lini?" "Basi punguza silabi." "Watasoma nini?" "Sasa unaniuliza nini? Mimi kazi yangu sindano!" Hata hivyo nesi alikuwa amemshikia daftari la ratiba ya somo njia nzima lisitikisike, mwalimu apate kuandika. Mimi nami nilishapotea zamani katika hesabu zao.

"Hadithi wanaipenda?" nesi akauliza.

"Hiyo ndiyo inayowaleta shule."

Basi likasimama. Mwalimu akachukua daftari lake, akashuka na kalamu mkononi, hajafuta hata mstari mmoja wa ratiba.