Breki na Fuvu la Nyangumi Ukutani

Wafiwa wenzangu, nanyi majirani mlioacha shughuli zenu, familia imenituma niwasomee maisha ya mzee wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Breki, mtu mwoga, ambaye hakuuficha woga wake, na akitaniwa alijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa pili wa seremala na mshonaji, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, na mwaka 1979 akaajiriwa kuendesha katapila kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ambako walimbandika jina hilo, maana hata kokoto ikibingirika alizima mashine. Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu.

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2004, katapila ilipokwangua ukuta wa machimbo, yalitokeza meno, marefu kama vidole, yamejipanga kwenye taya la fuvu lililogeuka jiwe, marehemu akashuka, na nyuma ya fuvu lile akaona ufa ukipanuka, vumbi likimwagika. Alipiga kelele, "Tokeni, ukuta unakuja!", wenzake wakacheka, "Breki kaogopa mifupa!", lakini shemeji yake, mdogo wa mama, alikuwa chini ya ukuta akitoboa mawe, hasikii kitu kwa mngurumo wa mashine yake, hivyo marehemu alikimbilia huko huko, akamvuta kwa kola ya shati, na ukuta ukaporomoka nyuma yao, ukaifukia katapila.

Wataalamu waliokuja kulichimbua fuvu walisema ni la nyangumi mwenye meno, wa jamii iliyotoweka zamani mno, wakamwomba awaonyeshe mahali, naye alitapika njiani, lakini alifika. Tangu hapo, mlango ukibamizwa, alikuwa akikurupuka kitandani.

Februari 2021 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, na alasiri ya tarehe 17 Septemba mwaka huo alimwambia mama, "Mke wangu, naogopa," mama naye hakumwambia ajikaze, alimjibu, "Ogopa tu, baba watoto, nimekushika," akamshika mpaka pumzi ikakatika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa machimbo mliobeba jeneza. Mzee wetu, pumzika kwa amani, sisi tunarudi kwenye nyumba usiyokuwamo, na tunaogopa.