Hodi ya Sista Zilpah

Baada ya miaka ishirini na saba katika wodi yetu ya moyo ya watoto hapa Sydney, Sista Zilpah Kawira anastaafu tarehe 30 Juni 2022. Sindano anatuachia. Hodi yake anaondoka nayo.

Kazi yake ilikuwa kuchukua damu. Mtoto akishapasuliwa moyo, mwili huwaka na kuvimba kwa ndani, na vipimo vya damu ndivyo huonyesha kama unatulia. Vikishuka, mtoto anaelekea nyumbani. Vikipanda tena, madaktari hutafuta maambukizi yaliyojificha.

Zilpah hakumgusa mtoto kabla ya kubisha hodi kitandani na kukaribishwa. Tulimcheka sana. Mtoto wa Kivietnamu hodi ataijulia wapi? Wapi bwana, wote waliitikia! Daktari bingwa mmoja aliyejitoma ndani kwa pupa alirudishwa mlangoni kwa jicho tu. Korona ilipotuvika barakoa tukafanana wote, hodi ile ndiyo iliyowaambia watoto ni nani amekuja.

Agosti 2021 tulimpokea Iteka, binti wa miaka mitano kutoka mtaa wa Merrylands hapa Sydney. Mzazi mmoja tu aliruhusiwa kuingia, kwa hiyo baba yake, Libère, alibaki nyumbani na simu, na mama yake, Fébronie, akakaa peke yake na hofu. Siku chache baada ya upasuaji, vipimo vilivyokuwa vimeshuka vikapanda. Damu nyingine ikahitajika upesi. Fébronie akamkumbatia mwanawe, akakataa katakata. Mmemfungua kifua, alituuliza, sasa mnammaliza damu pia?

Tulimhimiza Zilpah afanye haraka.

"Sijakaribishwa," alisema, akaweka sinia chini.

Akavuta kiti. Akamweleza Fébronie kwa Kiswahili, lugha yao wote wawili, kwamba kinachochukuliwa hakijazi kijiko cha chai, na kwamba cha kuogopwa ni ugonjwa unaojificha. Kisha akangoja kukaribishwa. Sisi huku roho juu!

Hatimaye Fébronie akaulegeza mkono wa mtoto. "Karibu, mama."

Damu ile ikawaonyesha madaktari kijidudu, dawa ikapatikana, vipimo vikashuka.

Iteka, kama watoto wetu wengi hapa, husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Mwezi uliopita alikuja kupimwa. Kabla Zilpah hajafungua kinywa, mtoto akasimama mlangoni akasema, "Hodi." Zilpah, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, alifuta machozi akasema, "Karibu."

Asante, Sista. Upumzike vyema, na chai isikauke nyumbani kwako. Tutakuja kubisha, nasi hatutaingia mpaka utukaribishe.

Gitonga, kwa niaba ya wodi